Upande Mweupe wa Karatasi

Siku ya saba ya mvua, mkaguzi wa uyoga alifungua chumba chake cha kazi macho yakiwa mazito, kana kwamba mtu ameyamwagia mchanga. Mwanawe alikuwa anaota meno. Alikuwa amekesha naye begani, na kulipokucha akamkabidhi kwa mama yake mzazi, akanawa uso mara mbili, akavaa sweta nje ndani, akatoka. Baba wa mtoto alikuwa safarini na lori, wiki ya tatu sasa. Ile sweta hakuna aliyemwambia mpaka saa nne, na aliyemwambia alikuwa muuza viazi, tena kwa sauti iliyofika hadi upande wa pili wa soko.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa soko, nyuma ya viazi, kimebanwa kati ya choo na ofisi ya mizani. Kilikuwa na dirisha moja, meza iliyofunikwa bati, kisu kidogo kilichoisha makali, na rafu ya glasi kumi na mbili zilizopinduliwa midomo chini. Mgeni akiziona hudhani ataletewa chai. Lakini glasi zile hakuna aliyewahi kuzinywea. Watu waliookota uyoga malishoni na bustanini waliuleta hapo kabla ya kuupika au kuuuza. Yeye aliupindua, akaunusa, akaukwaruza kwa kisu aone kama unageuka rangi. Kisha alichukua kofia ya uyoga mmoja uliokwisha kufunguka, akailaza juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, akaifunika kwa glasi. Baada ya saa kadhaa vumbi jembamba hudondoka kutoka kwenye mikunjo ya chini ya kofia na kuacha alama yake, duara lenye mistari, kama kitu kilichochorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Mwalimu wake wa masomo ya jioni, mama mmoja mfupi aliyefundisha huku amevua viatu kwa sababu ya miguu kuvimba, alikuwa na neno lake: "Macho yako yana usingizi, yana njaa, yana huruma. Karatasi haina hata kimoja."

Na karatasi ilihitajika hasa kwa uyoga ule ambao watu waliuita mwavuli. Mwavuli mzuri ni mkubwa kama sahani, kofia yake ina magamba ya kahawia, shinani una pete inayopanda na kushuka ukiisukuma kwa kidole, na nyama yake ni tamu kuliko uyoga wote wa msimu. Tabu ni kwamba una pacha wake, ambaye naye ana kofia ya magamba, naye ana pete, naye hupenda nyasi fupi, ziwe za ng'ombe au za mashine ya kukatia. Hata mikunjo yake ya chini huwa myeupe angali mchanga. Mwavuli mzuri hudondosha vumbi jeupe, ambalo huonekana upande mweusi wa karatasi tu. Pacha hudondosha vumbi la kijani, nalo huonekana upande mweupe. Anayemla hutapika mpaka anaomba apumzishwe, na kwa mtoto au mnyonge mambo huweza kuwa mabaya zaidi ya kutapika.

Kanuni ilibandikwa nyuma ya mlango, imeshikwa kwa misumari minne. Uyoga uletwe mzima, na shina lake. Uyoga usubiri karatasi. Mkaguzi atakayegonga muhuri juu ya kikapu kibaya ataurudisha muhuri.

Lakini kuna kanuni iliyobandikwa na kuna kanuni inayofanya kazi. Mkaguzi aliyemtangulia, mwaka fulani wa mvua nyingi na foleni ndefu, alianza kuwagongea papo hapo watu wa malishoni, kwa hoja kwamba wachungaji wanaujua uyoga wao tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Karatasi aliiweka baadaye, kwa kumbukumbu tu. Wa bustanini ndio waliosubiri mpaka kesho yake. Basi watu si wajinga. Msimu mmoja haukuisha, kila mtu akawa anaokota malishoni. Ilifika mahali hata mwenye uyoga ulioota kando ya kizingiti chake, akiulizwa, husema malishoni, tena bila kupepesa.

Mkaguzi alilijua hilo, na bado aligonga vivyo hivyo. Alikuwa na miaka minne kwenye chumba kile, na katika miaka minne hakuna karatasi hata moja ya malishoni iliyomwambia jambo ambalo macho yake hayakuwa yamemwambia. Aliendelea kuziweka, kuzifunua, kuziandikia tarehe na kuzipanga kwenye boksi, kama mtu anayefagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ya watu kumi na saba. Wa nane alikuwa Fundi Pancha, mtengeneza baiskeli wa kwenye kona ya tangi la maji, mtu mrefu mwenye mafuta meusi kwenye mistari ya viganja ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyashinda. Aliweka kikapu mezani na kufunua kitambaa kibichi kwa madaha, kama mwuza vitambaa anayefungua jora. Kofia kumi na mbili, pana, safi, bila hata tundu la funza.

Leo, alieleza bila kuulizwa, mama mkwe wake anakuja. Ni mara ya kwanza tangu harusi. Mkewe alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, na bibi huyo anakuja kumwona mjukuu. Na bibi huyo, watu wa foleni waelewe vizuri, ndiye aliyemwambia binti yake siku ya posa kwamba akiolewa na fundi baiskeli atakula viraka na kunywa gundi.

"Leo atakula mwavuli," alisema Fundi Pancha. "Nataka ashindwe kusema neno, si kwa hasira, kwa mdomo kujaa."

Foleni ikacheka. Mkaguzi naye akacheka kidogo, akapindua kofia moja. Mikunjo ilikuwa myeupe. Akauliza mashina yako wapi. Fundi akasema ameyakata nyumbani kwa kuwa ni magumu kama tairi. Akamwuliza ameokota wapi. Fundi akaangalia glasi zilizo rafuni, akajibu, "Malishoni, dada."

Nyuma yake kulikuwa na watu tisa na mvua ilikuwa imeanza tena. Maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani, na saa nne ilikuwa zamu yake ya kukimbia nyumbani kumnyonyesha mtoto. Mkaguzi alichukua kofia moja kwa ajili ya karatasi, akaandika kwenye daftari *nane, fundi baiskeli, malishoni*, akagonga muhuri kwenye kikaratasi na kukifunga kwenye mpini wa kikapu. Yote hayo yalichukua muda wa kumenya kitunguu.

Saa tisa kasoro, alipoanza kufunua glasi, alikuwa ameketi. Kwa kawaida kazi hiyo aliifanya amesimama, lakini miguu ilikuwa imekataa. Akafunua ya kwanza: duara jeupe juu ya nusu nyeusi, upande mweupe mtupu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano ilikuwa uyoga mdogo wa samadini, vumbi la kahawia iliyokoza, kama alivyotarajia. Ya sita, ya saba. Akafunua ya nane na kuipitisha kwenye boksi, kisha mkono ukarudi wenyewe.

Upande mweupe haukuwa mtupu. Ulikuwa na nusu duara, mstari kwa mstari, rangi ya kijani iliyofifia, kama ndimu iliyoanza kuota ukungu.

Aliipeleka karatasi dirishani. Akaigeuza, maana saa nyingine mwanga wa mvua hudanganya. Akalamba kidole, akafuta upande wa glasi kuona kama ni uchafu wa glasi. Glasi ilikuwa safi. Ile kijani ilibaki pale pale, imetulia, haina haraka na mtu.

Kutoka ofisi ya pili aliingia mpimaji wa mizani, ambaye soko zima lilimwita Mzee Kilo, ingawa yeye mwenyewe hakufika kilo hamsini akiwa na koti na viatu. Alikuja kuazima kalamu, lakini alipoona uso wa mkaguzi akaisahau. Aliiangalia karatasi, akaliangalia daftari, akaweka kidole juu ya neno la mwisho.

"Hapa pameandikwa malishoni," alisema polepole. "Wewe umeuliza, yeye kajibu. Aliyedanganya nani? Mwanangu, una mtoto mchanga. Funga hilo daftari, uende ukamwonye kama raia mwema, na jioni ukalale."

Hakuwa mtu mbaya, Mzee Kilo. Alisema maneno yale kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Na yalikuwa na joto la shuka kweli. Mkaguzi aliikunja karatasi kwa ndani ili vumbi lisifutike, akaitia ndani ya bahasha, akamwomba Mzee Kilo amfungie mlango.

Kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa. Namba ya simu iliyoandikwa kwa rangi kwenye ubao aliipiga mara tatu, na mara tatu simu ilikuwa imezimwa. Mwenye duka la jirani alimwambia fundi ameondoka mapema, leo ana wakwe, na akamwelekeza: pita nyuma ya shule ya chekechea, teremka hadi mfereji, nyumba ya vyumba vitatu yenye magurudumu juu ya paa.

Akatembea. Kamba ya kiatu ilikatika mbele ya chekechea, akakivua na kukishika mkononi. Alipoinama ndipo alipouona uwanja wa watoto kupitia seng'enge. Nyasi zilikuwa zimekatwa fupi, kando ya bembea kuna rundo la samadi iliyoletwa kurutubisha bustani, na kuizunguka, katika duara ambalo mtu angeweza kulikanyaga kwa hatua kumi, kulikuwa na visiki vyeupe vya mashina yaliyokatwa kwa kisu. Miavuli miwili midogo, ambayo haijafunguka, ilikuwa imeachwa ikue.

Malishoni, alijisemea. Na alishangaa kwamba hasira hakuiona. Aliitafuta ndani yake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akakuta uchovu tu.

Fundi Pancha alikuwa uani, amevaa shati la harusi na aproni ya mkewe, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Sufuria ilikuwa imefunikwa, na harufu yake, jambo la kusikitisha, ilikuwa nzuri mno. Alipomwona mkaguzi na kiatu mkononi alitabasamu, akasema kumbe harufu imefika mpaka sokoni, karibu dada, lakini sahani ya kwanza ina mwenyewe.

Mkaguzi alichuchumaa karibu naye ili asilazimike kupaza sauti. "Fundi, kuna aliyekula?"

"Nani ale kabla ya mgeni? Hata mama mtoto ameomba tangu mchana, nimemwambia avumilie."

"Na wewe? Chumvi umeionjaje?"

Fundi akaangalia mwiko. Tabasamu likabaki usoni ila halikuwa na kazi tena. Alisema ameonja. Vijiko viwili. Halafu akasema vitatu, cha tatu kilikuwa cha utamu tu. Lini? Muda si mrefu, labda nusu saa.

Akamwonyesha karatasi. Akamwuliza mashina yako wapi, naye akamwonyesha ndoo ya maganda. Mkaguzi akaokota shina moja na kulisugua kwa kidole gumba. Shina la mwavuli mzuri lina mabaka kama ngozi ya nyoka, hata mtoto angelijua. Hili lilikuwa laini na jeupe tangu juu hadi chini. Kama angeliona asubuhi, lisingemchukua hata pumzi moja. Alilishika kwa muda kuliko ilivyohitajika.

Mama mkwe alikuwa amefika mapema, kama wakwe wanavyopenda kufika. Alitokea mlangoni na mjukuu begani, mwanamke mnene aliyejifunga khanga kwa nguvu, akauliza kuna nini, mbona watu wananong'ona kwenye chakula. Fundi alisimama kwa heshima. Ndipo mkaguzi akamwamkia bibi yule, akamweleza kwa kifupi: uyoga huu si ule, usiguswe, na fundi ameonja, aende zahanati sasa hivi kabla hajaanza kuumwa.

Bibi aliiangalia sufuria, akamwangalia mkwewe na aproni yake.

"Nilisema viraka," alisema. "Kumbe nilikupendelea."

Fundi alivua aproni, akaikunja mara nne kwa uangalifu mkubwa, akaiweka juu ya kigoda. Na mkaguzi, ambaye ulikuwa wakati wake wa kusema, alikaa kimya. Neno lilikuwa tayari kooni. Aliona muhuri ukitoka mkononi mwake, akaona chumba wanachopanga, akamwona mama yake akizunguka na mtoto. Alijiambia kwanza zahanati, mengine baadaye, na kwa kweli kulikuwa na haraka. Ila alijua tofauti ya haraka na woga. Aliimwaga sufuria chooni mwenyewe, mpaka tone la mwisho, na mke wa fundi akabaki mlangoni na macho makavu, amejishika kifua.

Walikwenda watatu, bibi akiwa mbele. Alisema hawezi kumwachia binti yake ujane wa kijinga hivi.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu na ukuta uliochubuka usawa wa vichwa vya watu waliowahi kuuegemea. Muuguzi aliwaambia wasubiri, kisha aliposikia neno uyoga akawaambia waingie mbele. Alimpa fundi dawa nyeusi ya maji, kama masizi, akampa beseni, akamwambia akae pale pale aangaliwe. Kwa muda hakukuwa na kitu. Fundi alianza hata kutania, akasema labda tumbo lake limezoea gundi. Halafu jasho likamtoka kwenye paji la uso, akaliita beseni kwa mkono bila kuongea, na kuanzia hapo utani ukaisha.

Zilikuwa saa mbili ndefu. Mkaguzi alishika beseni, akalimwaga, akalisuuza, akalirudisha. Bibi alishika kichwa cha mkwewe kwa nyuma, kama anavyoshikwa mtoto. Katikati ya hayo, ili pasiwe kimya, bibi aliuliza ile karatasi ni kitu gani. Mkaguzi akamweleza juu ya glasi, na vumbi, na nusu nyeusi na nusu nyeupe. Bibi akauliza kwa nini basi watu wasiwe wanasubiri karatasi ndiyo wapewe uyoga wao. Lilikuwa swali jepesi. Mkaguzi akajibu kwamba kuna glasi kumi na mbili, na leo watu walikuwa kumi na saba, na wengine wana haraka. Alipojisikia akisema hivyo alitamani aingie chini ya benchi.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, tumbo la fundi likatulia. Muuguzi akampima, akasema amebahatika, vijiko vitatu si sahani, angewekewa maji mwilini na kesho angerudi nyumbani. Kisha akavuta kiti na fomu. Aliuliza ameokota wapi, saa ngapi, amekula kiasi gani.

"Na nani alikuambia unalika?"

Fundi alikuwa amelala chali, midomo imekauka. "Hakuna," alisema. "Ni mimi. Uliota chekechea, nikasema malishoni. Andika hivyo. Dada huyu nilimdanganya."

Muuguzi akaandika. Kalamu ilikuwa ikikwaruza. Bibi alikuwa akimwangalia mkwewe, na mkaguzi alikuwa akiangalia kalamu. Pale pale, kwenye mstari ule, jambo lingekwisha. Angerudi nyumbani, angelala. Mzee Kilo angempigia makofi. Fundi mwenyewe alikuwa amefumba macho, kama mtu aliyekwisha kulipa na kuondoka zake.

"Usiandike hakuna," mkaguzi alisema. Sauti ilitoka imechoka, si ya kishujaa hata kidogo. "Andika mimi. Aliniletea kofia bila mashina, kanuni inakataza. Nikagonga muhuri kabla ya karatasi, kanuni inakataza. Angesema malishoni, angesema mbinguni, nilitakiwa kusubiri."

Akatoa kwenye bahasha ile karatasi na kuilaza juu ya fomu, kijani chake kikiwa juu. Muuguzi akaiangalia, akauliza cheo chake kinaandikwaje. Mkaguzi akamtajia, neno kwa neno.

Bibi alichukua kile kiatu kilichokatika kamba, akatoa pini kwenye khanga yake, akakifunga, akakiweka chini karibu na miguu ya mkaguzi. Kisha akamgeukia mkwewe, akamwuliza kama koo linaweza kupitisha uji.

Nyumbani mtoto alikuwa macho. Mama yake mkaguzi alimpokea na habari moja tu: jino limetoka. Alimnyonyesha amekaa mlangoni kungali na mwanga kidogo, akalipapasa jino lile kwa kidole, dogo, kali, lina mikwaruzo pembeni kama msumeno wa mchezo. Akamweleza mama yake yote. Mama yake alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi kesho vaa sweta vizuri. Ukienda kufukuzwa, uende umependeza."

Asubuhi alipita kwanza chekechea. Mlinzi alimfungulia, naye mkaguzi akang'oa ile miavuli miwili na shina na udongo, pamoja na mitatu mingine iliyochomoza usiku ule, kabla mtoto yeyote hajafika kwenye bembea. Kisha akaenda kwa msimamizi wa soko na barua ya ukurasa mmoja na nusu, muhuri ukiwa juu yake. Msimamizi aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa na mafua. Alifungua droo, akautia muhuri ndani, akaifunga kwa ufunguo. Akasema suala litapelekwa juu, na juu wakikaa watakaa lini hajui. Wakati huo huo chumba hakiwezi kufungwa, msimu haujaisha, na mkaguzi mwingine hayupo. Aendelee kukagua. Ila kugonga, hapana. Kila jioni Mzee Kilo atakuja kuchukua muhuri, ataangalia karatasi, na kama haina kosa, atagonga yeye.

Hivyo ndivyo karatasi ilivyorudi mahali pake, kwa sababu muhuri ulikuwa kwenye droo. Foleni ililalamika wiki nzima. Wa malishoni walisubiri pamoja na wa bustanini, na kwa kuwa kudanganya hakukuwa na faida tena, watu wakaanza kusema kweli, mmoja mmoja, kwa aibu: nyuma ya bafu, uwanja wa mpira, makaburini. Mzee Kilo, ambaye hakuomba kazi ile, aliifanya kama anapima dhahabu. Aliivalia miwani. Glasi hazikutosha, wakawa wanafunika kofia nyingine kwa mabakuli, kwa kopo la rangi, kwa kifuniko cha birika. Mkaguzi alikuwa bado amechoka. Jino la pili lilikuwa njiani. Na barua kutoka juu haikuwa imefika, na ingeweza kusema lolote.

Siku ya tisa Fundi Pancha alitokea kwenye foleni, amepungua, shati linamcheza. Watu walimkaribisha kwa kejeli za wazi, wakamwuliza kama leo ameokota jikoni kwa muuguzi. Alivumilia. Zamu yake ilipofika aliweka mezani mwavuli mmoja tu, mzima, na shina, na bonge la udongo chini, mabaka ya nyoka yakionekana hata kutoka mlangoni.

"Malishoni kweli," alisema. "Nilikwenda na shahidi. Mama mkwe alitembea nami mpaka kwenye ng'ombe."

Mkaguzi akaukata, akailaza kofia juu ya karatasi, akageuka kutafuta cha kuifunikia. Rafu ilikuwa tupu. Fundi akainua kutoka sakafuni mfuko uliofungwa kwa gazeti, akaufungua polepole. Ndani mlikuwa na glasi sita za chai, nene, zenye mstari mwekundu mdomoni, kila moja imefungwa peke yake.

Alisema zimetoka kwa bibi. Amesema watu kumi na saba, glasi kumi na mbili, hesabu hiyo hata fundi baiskeli angeiona. Na amesema zikivunjika mkaguzi atazilipa, hizo ni za wageni.

Mkaguzi aliichukua moja, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaiinamisha juu ya kofia. Fundi hakuondoka. Alivuta ndoo, akaipindua, akakalia, akauliza kwa kawaida inachukua saa ngapi.

"Mpaka jioni," alimjibu.

"Basi nipo," alisema Fundi Pancha, na mtu wa nyuma yake akamwambia asogeze miguu.